Jinsi ya kujenga kuaminiana na wajumbe wa Ulaya kwenye mazungumzo ya tabianchi

Nawaandikia wadogo zangu mnaoingia kwenye ujumbe wa nchi kwa mara ya kwanza, uwe wa Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Kongo, popote, mnaokwenda Bonn, Ujerumani, kwenye vikao vya maandalizi mwezi wa sita alafu COP, ule mkutano mkuu wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa, mwishoni mwa mwaka. Kila mwaka naona vijana wazuri wanafika pale rasimu zote wamezisoma, namba za aya wanazo kichwani, lakini upande wa pili hakuna hata mtu mmoja anayewajua kwa jina, na mambo yakikwama saa nane usiku hawana wa kumpigia simu. Na mambo hukwama saa nane usiku, hilo lijueni mapema.

Kuaminiana kwenye mazungumzo haya siyo kupendana, wala siyo kukubaliana. Maana yake ni kwamba mwenzako akikwambia kitu unajua ndo kilivyo, na akiona hawezi kutimiza atakwambia kabla hujaaibika mbele ya kundi lako. Basi. Mtu anayekupinga kila siku unaweza kumwamini kabisa, na mtu anayekuchekea kila siku usimwamini hata kidogo. Kwa hiyo kazi yote nitakayowaeleza hapa inazunguka jambo moja, usimshtukize mwenzako, na mwambie mapema mwisho wako uko wapi.

Kabla hujafungua mdomo jua kila mmoja kaja na donda gani. Sisi letu kubwa ni Copenhagen. Desemba 2009, mkutano ndo kwanza una siku ya pili, gazeti la Guardian la Uingereza likachapisha rasimu ambayo wenyeji Denmark walikuwa wameizungusha kwa nchi chache tu bila wengine kujua, na Lumumba Di-Aping wa Sudan, aliyekuwa akiongoza G77 na China, yaani kundi la nchi zinazoendelea, akawaka moto kwa haki kabisa. Wiki mbili zikaisha kwa hati iliyoandikwa na viongozi wachache chumbani, wengine wakaletewa waipokee, zikatokea nchi zikakataa, mkutano mzima ukaishia "kuitambua" tu. Na hati hiyohiyo ndo ilibeba ile ahadi ya dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Mwaka 2020 ukapita haijatimia, kwa hesabu za OECD, shirika la nchi tajiri, imekuja kuvukwa 2022, na sehemu kubwa ya hela za umma ndani yake ilikuwa mikopo. Ahadi ni deni, na deni lililochelewa miaka miwili halisahauliki. Ndo maana mpaka leo mtu wa Ulaya akitoa karatasi mpya mezani, hata kama karatasi ni nzuri, chumba kizima cha Afrika kinakaa kimya na kuitazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka.

Lakini wengi wetu hatujui kwamba na wao wana la kwao, na ni la palepale Copenhagen. Makubaliano ya mwisho yalifungwa kati ya Marekani na China, India, Brazil na Afrika Kusini, Umoja wa Ulaya haukuwemo chumbani, na mkutano ulikuwa unafanyika barani kwao. Lile liliwauma sana. Baada ya hapo, mwaka 2010, kukaanzishwa vikao viwili vya kukaa pamoja bila ajenda rasmi, mmoja unaitwa Cartagena Dialogue ulioanzia Colombia, mwingine Petersberg ambao Ujerumani ndo inaualika. Ukipata nafasi ya kuingia kwenye vikao vya namna hii nenda, hata kama utakaa nyuma kumbebea bosi wako makaratasi, maana pale watu wanaongea bila bendera mezani.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Jambo la kwanza, jifunze mwenzako katumwa nini. Mjumbe wa Ulaya hasemi ya kwake. Nchi 27 zinakaa, mawaziri wa mazingira wanapitisha msimamo wao kabla ya COP, mara nyingi mwezi wa kumi, na ile karatasi ipo wazi, unaweza kuisoma, isome mstari kwa mstari kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Kila asubuhi kwenye mkutano wanakutana tena kupatana. Kwa hiyo ukimbana kwenye korido atoe kitu kisichokuwemo kwenye ile karatasi atakwambia "tutaliangalia", wewe unaondoka unasema hawa jamaa waongo, kumbe hana uwezo. Muulize hivi, kwa adabu lakini moja kwa moja: hapa huwezi au hutaki? Kama huwezi, nani anaweza, na anahitaji nini ili aweze? Mimi hilo swali limenifungulia milango mingi kuliko hotuba zote nilizowahi kuandika.

Na wewe mweleze ulivyotumwa. Mweleze kwamba wewe ni sauti moja ndani ya kundi la Afrika lenye nchi 54, kwamba msimamo umetoka kwa mawaziri wa mazingira wa Afrika, na kwamba juu yake kuna G77 na China yenye nchi zaidi ya 130, kuna visiwa vinavyozama na kuna nchi zinazouza mafuta, wote humo humo, kwa hiyo neno moja likibadilishwa mimi natakiwa nikawaone watu wengi kabla sijasema ndiyo. Wazungu wengi wapya hawajui hilo. Wanaona tunachelewesha makusudi.

Niwape tukio moja nililokuwepo. Bonn, jioni, tumebaki watu sita kwenye meza ndogo nje ya chumba cha kikao, aya moja ya hela za kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ina mabano manne, yaani sehemu nne ambazo hazijakubaliwa. Sisi tunataka neno ruzuku liwemo na tunataka tarakimu ya miaka ya mbele. Dada mmoja wa upande wa Ulaya anakataa, anakataa, kila tukirudi anakataa, na kwetu watu wameshaanza kukunja sura. Mzee mmoja kutoka nchi jirani na yetu akavuta kiti akakaa ubavuni kwake, siyo mbele yake, ubavuni, wakawa wanatazama laptopu moja, akamwambia binti yangu nieleze tu kwanini, sitakujibu. Yule dada akaeleza kwamba bajeti ya Umoja wa Ulaya inapangwa kwa miaka saba saba, hii ya sasa inaishia 2027, yeye akiandika tarakimu ya baada ya hapo wizara yake ya fedha itamuita nyumbani wiki hiyohiyo. Mzee akamwambia sawa, na mimi nikueleze la kwetu, mkopo hata wa riba ndogo unaingia kwenye deni la taifa, wizara yetu ya fedha inauliza kwanini tukope kujenga ukuta wa bahari wakati bahari hatukuipandisha sisi. Dakika kumi hazikufika. Tarakimu ikaondoka, neno ruzuku likabaki, mabano yakabaki moja. Hakuna aliyeshinda hapo, lakini kuanzia jioni ile yule dada akawa anatuletea rasimu zake kabla hajazipeleka kikaoni.

Hilo la kukaa ubavuni lishikeni. Mkitazamana mnashindana, mkitazama karatasi moja mnafanya kazi. Na mabano usiyachukulie kama matusi, kila bano lina sababu nyuma yake, kazi yako ni kuitafuta hiyo sababu.

Jambo lingine ni maneno, na hapa sisi tunaotumia Kiswahili kutwa nzima tuna mtego wetu. Nyumbani tunasema fidia, mitaani, bungeni, redioni, fidia ya madhara ya tabianchi, na kwetu ni neno la kawaida kabisa. Ukilipeleka vile vile kwa Kiingereza mezani, wanasheria wa Ulaya wanasikia mahakama. Mkataba wa Paris wa 2015 una kifungu cha 8 cha hasara na uharibifu unaoletwa na tabianchi, na uamuzi uliopitishwa pamoja nao, aya ya 51, unasema kifungu hicho hakitoi msingi wa dhima, yaani kuwajibishwa kisheria, wala fidia. Ile aya ndo bei iliyolipwa ili kifungu kiwemo. Sasa ukiingia na neno hilo bila kujua, unakuwa umefungua jeraha ambalo wakubwa wako walishalifunga kwa shida. Sisemi usidai, dai, ila dai kwa maneno yenye nafasi kwenye karatasi.

Na wao wana la kwao, neno mfadhili. Wanalisema bila ubaya, "sisi kama wafadhili". Kwetu mfadhili ni mtu anayekupa kwa hisani yake, unamshukuru unanyamaza. Mkataba wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa wa 1992, ambao mazungumzo haya yote yanatoka humo, hausemi hisani, unasema majukumu ya pamoja yanayotofautiana, Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 hivi ya hewa ukaa ya dunia. Kwa hiyo ukilisikia usikasirike kikaoni, mfuate baadaye umwambie neno hilo kwetu linasikika hivi. Nimefanya hivyo na watu watatu, wote watatu waliacha kulitumia.

Halafu lugha yenyewe. Vikao vikubwa vina wakalimani wa lugha sita za Umoja wa Mataifa, lakini vikao vidogo ambavyo maandishi yanatengenezwa ni Kiingereza tupu, bila mkalimani, na mtu wa Bujumbura au Kinshasa aliyesoma kwa Kifaransa anaachwa nyuma kwenye sentensi ya tatu. Muombe mwezeshaji maandishi yawekwe kwenye skrini, na muda wa kuyasoma. Ukiomba kwa niaba ya wote hutaonekana mzito. Wazungu wenyewe wengi Kiingereza siyo lugha yao, mtu wa Finland au Ureno atakushukuru kimoyomoyo.

Kuhusu ahadi ndogo. Kubwa zote zinaanzia hapa. Ukisema nitakutumia ile aya saa tatu asubuhi, itume saa tatu kasoro. Ukishindwa, tuma meseji kabla ya saa tatu useme nimeshindwa. Ukisema kundi langu halijaamua usije ukasikika kikaoni unasema limeamua. Kama utamsema vibaya mbele ya wote, mwambie nusu saa kabla: nitasimama, nitasema ahadi yenu ya hela haijatimia, nitaitaja nchi yako. Atanuna lakini ataheshimu. Wakati mmoja, kikao fulani sitakitaja, mtu wa nchi tajiri alinihakikishia usiku kwamba mstari wetu umo, asubuhi rasimu imetoka mstari haumo, na yeye hapokei simu. Inawezekana aliamrishwa tu, lakini meseji ya maneno matano ingetosha. Miaka imepita na bado nikimuona naangalia mara mbili anachoniambia.

Nani kafanya vizuri? Durban 2011. Mkutano umepitiliza siku nzima na zaidi, ni alfajiri ya Jumapili, Connie Hedegaard wa Umoja wa Ulaya na Jayanthi Natarajan wa India wamekwama kwenye jambo la kama mkataba mpya utakuwa na nguvu ya kisheria. Wameshasemana hadharani, kwa sauti. Maite Nkoana-Mashabane wa Afrika Kusini aliyekuwa rais wa mkutano akawaambia wakutane palepale ukumbini, wakajikusanya duara, watu wamewazunguka, wengine wamepanda viti kuchungulia, na mjumbe wa Brazil akatoa maneno yaliyokubalika na wote wawili. Kilichofanya kazi pale ni kwamba kila mtu aliona. Hakukuwa na chumba cha pembeni. Ukiona mambo yameoza kwa sababu ya siri, pendekeza hivyo, mkutane mahali panapoonekana.

Na mfano ninaoupenda kuliko wote ni mfuko wa hasara na uharibifu. Kwa miaka mingi Ulaya ilisema hapana. COP ya Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, Frans Timmermans aliyekuwa akiongoza upande wa Umoja wa Ulaya akabadilisha, akasema Ulaya iko tayari kwa mfuko kwa masharti kadhaa, Pakistan ndo ilikuwa inaongoza G77, na Jumapili asubuhi mfuko ukapitishwa. Ila kuupitisha jina ni rahisi. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya watu 24, 14 kutoka nchi zinazoendelea na 10 kutoka zilizoendelea, wenyeviti wawili, Richard Sherman wa Afrika Kusini na Outi Honkatukia wa Finland. Mmoja wa kwetu, mmoja wa kwao, na maandishi wanayatoa wote wawili kwa pamoja. Kikao cha nne kilichofanyika Aswan kilivunjika, ugomvi ukiwa mfuko ukae Benki ya Dunia au usikae, sisi tunaogopa benki ambayo wenye hisa kubwa ndo wenye sauti, wao wanataka kitu kinachoanza haraka. Wiki mbili hivi baadaye wakakaa tena Abu Dhabi, kikao cha tano ambacho hakikuwemo kwenye mpango wa mwanzo, wakatoka na muafaka: Benki ya Dunia ihifadhi mfuko kwa muda, miaka minne, kwa masharti yaliyoandikwa moja moja, na bodi iwe yake yenyewe. Hakuna upande uliotoka unacheka. Lakini siku ya kwanza ya COP ya Dubai, tarehe 30 Novemba 2023, ukapitishwa bila mtu kupinga, na palepale Falme za Kiarabu na Ujerumani wakaweka dola milioni 100 kila mmoja.

Angalieni hapo kilichosaidia. Woga wa kila upande uligeuzwa kuwa sharti kwenye karatasi. Mwenzio akikwambia "tuamini", mwambie niandikie. Siyo kumtukana, ndo namna ya kumwezesha kesho abaki na neno lake hata waziri wake akibadilishwa.

Yapo mambo ambayo kukaa ubavuni hakutoshi, na mkiyakwepa ndo yanaoza. Gesi na mafuta ni moja. Septemba 2022 Bunge la Ulaya likapitisha azimio dhidi ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda mpaka Tanga, na mwaka huohuo, kwa sababu ya vita ya Ukraine, serikali za Ulaya zilikuwa zinazunguka kutafuta gesi kila kona, mpaka Senegal. Watu wetu waliumia. Nilichojifunza ni kulisema hili uso kwa uso, na Bunge la Ulaya usilichanganye na mjumbe aliye mbele yako, maana yeye hakupiga kura, kama wewe usivyopenda kulaumiwa kwa kauli ya mbunge wako. Sema: sisi tuna mamilioni ya kina mama wanaopikia kuni na mkaa, nishati safi ya kupikia kwetu ni suala la mapafu ya watoto, niambie tutafikaje huko na mtachangia nini. Hapo mnapata kitu cha kuongea. Ushuru wa kaboni wa mipakani, ule ambao Ulaya inatoza bidhaa za nje kwa hewa ukaa iliyotoka wakati wa kuzitengeneza, vilevile, Bonn ya 2025 ajenda ilichelewa siku mbili, sababu mojawapo ni hatua za kibiashara za namna hiyo. Nenda na bidhaa, nenda na mfano wa kiwanda, usiende na hasira peke yake.

Na usiuze kundi lako. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Ukaribu na mjumbe wa Ulaya ukiwa wa siri unageuka sumu, watu wa kundi wataanza kunong'ona na watakuwa na haki. Kila mazungumzo ya pembeni mripoti mratibu wenu siku hiyohiyo, mistari mitatu tu WhatsApp: nimeongea na fulani, kasema hivi, mimi nimesema hivi. Na yeye mwambie kwamba utaripoti. Hatokuambia asichotaka kisikike, na ni bora hivyo. COP ya Baku 2024, nchi maskini zaidi na za visiwa walitoka chumbani mazungumzo ya hela yakiendelea, madai yalikuwa dola trilioni 1.3 na kilichoandikwa kama lengo la nchi zilizoendelea kuongoza ni dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kutoka chumbani siyo kuvunja uaminifu. Kuvunja uaminifu ni kutoka bila mtu kujua unataka nini ili urudi. Ukitoka, sema unataka nini, na uache namba ya simu.

Kwa wale ndugu zetu mlioko Ulaya mnaofanya kazi upande wa pili, kwenye wizara au mashirika, mna nafasi kubwa msiyoiona. Wasukumeni wenzenu kwenye viza, barua za mwaliko zitoke mapema, mjumbe anayefika siku ya nne kwa sababu ya viza amekuta sentensi zote zimeshaandikwa, na hakuna maneno matamu yatakayomshawishi kwamba anaheshimiwa. Na waombeni wasibadilishe watu kila mwaka. Sisi tunamzoea mtu, tunamjua anapokwama, mwaka unaofuata analetwa mgeni tunaanza alifu.

Sisi nasi tuna kosa hilohilo, kubwa zaidi pengine, ujumbe wetu ni mdogo na mtu akihamishwa wizara anaondoka na kila kitu kichwani. Kwa hiyo mkirudi nyumbani, kabla hata hujafua nguo, andika. Nani alisema nini, kwanini lile bano liliondoka, nani anaweza na nani hawezi. Mwezi wa kwanza tuma meseji kwa wale wawili watatu mliofanya kazi vizuri, siyo ya kuomba kitu, muulize tu mambo yanaendaje kwao, bajeti imepita, uchaguzi umeendaje. Na kwenye karatasi ya makabidhiano weka namba zao, na chini yake andika jambo ulilowaahidi ambalo bado hujalitimiza, ili atakayekaa kwenye kiti chako alimalizie.